Mrija Chini ya Mwaloni

Mwishoni mwa Aprili, kwenye misitu ya mialoni ya Wisconsin na Illinois, miti mikubwa haijavaa majani bado na jua linafika chini bila kuzuiwa. Huo ndio msimu wa mimea mifupi. Kila ua linalotaka kuonwa na nyuki lina wiki chache za kujitangaza kabla kivuli hakijafunga juu. Katika pilikapilika hizo umo mmea ambao mpita njia huweza kudhani ni kangaga: majani yake yamechanikachanika kingoni, yamelala chini kwa duara, na yakiwa machanga huwa na wekundu uliokolea. Katikati linachomoza shina lenye manyoya, refu kwa kiasi cha sentimita 30 hivi, na juu yake maua ya njano, mengine yenye wekundu wa kahawia, yamepangwa kwa kuzunguka hivi kwamba ukiinama na kuyatazama kwa juu unadhani kichwa kizima kinageuka.

Huo ni Pedicularis canadensis. Linnaeus aliupa jina hilo mwaka 1767, na baadaye wataalamu wa mimea wakauhamisha kutoka ukoo mmoja hadi mwingine kwa sababu ambazo tutazifikia. Kiswahili hakikuhitaji kuupa jina. Unaota upande wa mashariki wa Amerika Kaskazini, kuanzia Kanada hadi Florida na Texas, na mwenyeji wa Tanga au Kisumu hana mahali pa kukutana nao. Nitauita pedikulari.

Ua lenyewe lina midomo miwili. Wa juu umepinda na kufunika chavua, wa chini ni mahali pa mdudu kutua. Wanaolifaidi zaidi ni wale nyuki wakubwa wenye manyoya wanaoruka hata asubuhi ya baridi. Wakati huo wa mwaka wengi wao ni malkia walioamka peke yao baada ya majira ya barafu, hawana kundi, hawana mfanyakazi hata mmoja, na kila tone la nekta na kila chembe ya chavua wanaitafuta wenyewe. Lazarus Walter Macior wa Chuo Kikuu cha Akron, Ohio, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutazama nyuki wakiingia na kutoka kwenye maua ya jamii hii, na ukisoma alichokiandika utaona jinsi umbo la mdomo ule wa juu lilivyo na hesabu zake. Lakini habari ya nyuki na maua imeandikwa sana. Ya mizizi ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika.

Mwaka 1963 Martin Piehl alichapisha utafiti wa mizizi ya pedikulari. Kazi ya namna hiyo inadai subira ya ajabu, kwa sababu ukivuta tu umeharibu ushahidi. Inabidi udongo uondolewe kidogo kidogo mpaka uone nani ameshikana na nani. Alikuta pedikulari imejinasa kwenye mizizi ya spishi zipatazo 80, za koo 35: nyasi, jamii ya alizeti, na wengine wengi wasio na undugu wowote kati yao. Haichagui sana. Jamaa zake wengine wameonekana hata wakijitoboa wenyewe, mzizi wa mmea ukinywa kutoka mzizi wa mmea uleule, jambo ambalo sina la kulisemea.

Namna inavyofanya ni hivi. Mzizi wa pedikulari ukigusana na mzizi wa jirani huota kinundu. Kinundu kinajibandika, kinatoboa gome, kinaendelea ndani mpaka kikutane na mishipa inayopandisha maji, kisha mshipa unaungana na mshipa. Maji yaliyokuwa yakielekea kwenye jani la jirani, pamoja na nitrojeni na madini yaliyoyeyuka humo, na kiasi fulani cha chakula kilichokwisha kutengenezwa, yanageuza njia. Hakuna pampu yoyote. Mimea ya aina hii huvuta kwa kupoteza: huacha stomata, vile vitundu vya majani yake, wazi mno, mara nyingine hata usiku, maji yanapotea hewani kwa wingi, na pengo hilo ndilo linalovuta mengine kutoka chini. Jirani mwenye mizizi yake tu hufunga vitundu vyake jua linapokuwa kali, abanie maji. Huyu abanie nini, na si yeye aliyeyachota?

Na bado pedikulari ni ya kijani. Ina majani, ina usanisinuru wake, inajipikia sehemu kubwa ya sukari yake kutokana na jua na hewa, sawa na mmea mwingine wowote wenye heshima zake. Ndiyo maana wataalamu huuita nusu-kimelea. Ukiinyima majirani inadumaa, lakini ukiinyima jua pia haitafika mbali.

Kwa msomaji wa Tanzania picha ya mrija haihitaji maelezo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lugha ya siasa ilijaa kupe na mirija, na kazi ya mzalendo ikawa kuikata. Azimio lilikuwa na huruma yake: lilikubali kwamba wako wanaostahili kuishi kwa jasho la wengine, yaani watoto wadogo, wazee, vilema, na wale ambao dola haijaweza kuwapatia kazi. Wengine wote wafanye kazi. Kwa kipimo hicho kupe halisi ni kesi rahisi, na mkulima wa jembe ni kesi rahisi zaidi. Pedikulari inamsumbua hakimu. Si mtoto, si mzee, na kazi inayo, tena inaifanya kila siku kuanzia jua linapochomoza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alikuja na jembe lake mwenyewe, analima, na jioni bado mkono wake umo kwenye chungu cha mwenyeji.

Sipendi sana waandishi wanaokwenda msituni kuchuma maadili ya siasa, na Azimio lilizungumzia watu, si magugu. Lakini swali la nani anamnyonya nani tumelizoea mno kulijibu kwa kumtazama mnyonyaji peke yake: ana kazi au hana, ana tamaa au hana. Pedikulari inalazimisha macho yahamie pembeni, kwa wanaomzunguka.

Nje ya kivuli cha mialoni, kwenye mbuga za nyasi ndefu za Illinois, bwana mkubwa ni nyasi iitwayo Andropogon gerardii. Ikiachwa ina urefu wa kumpita mtu, inaziba jua, na chini yake vijimea vyenye maua hubaki vikigombea makombo. Wanaojaribu kuzirudisha mbuga hizo kwenye ardhi iliyowahi kulimwa wanaijua adha hiyo: unapanda mbegu za aina nyingi, miaka inapita, unajikuta na ukuta wa nyasi mbili tatu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois, katika majaribio ya miaka mingi, wameonyesha kwamba pedikulari ikiwepo nyasi kubwa zinapunguza uzito na kimo. Mwanga unashuka. Uingereza wanalifanya jambo hilohilo kwa makusudi kwa kutumia jamaa yake, Rhinanthus minor, ambao wahifadhi huumwaga kwenye malisho ili nyasi zipungue nguvu na maua ya kondeni yapate nafasi.

Basi kuna waandishi wa bustani wamekwisha kuivika pedikulari joho. Wanaiita fundi wa usawa, mtetezi wa wanyonge, anayewanyang'anya wakubwa na kuwapa wadogo. Hapo mimi naachana nao. Pedikulari haina ajenda. Inakunywa kwa yeyote mzizi wake uliyemgusa, na anayeguswa mara nyingi zaidi ni yule aliyeenea kila mahali. Bwana mkubwa anatozwa sana kwa sababu ameijaza ardhi mizizi yake. Wako wadogo pia wanaonyonywa, bila fidia wala shukrani, na hakuna anayewaandikia makala. Ninachokubali ni hesabu tu: mrija ukigawanywa kwa majirani 40, hakuna anayekufa kwa ajili yake.

Sifa ya mmea huu kwa watu nayo imekuwa ya kuyumba. Ulaya, wafugaji wa zamani waliamini kwamba mifugo ikilisha penye mimea ya jamii hii inapata chawa, na tuhuma hiyo ikaingia mpaka kwenye jina la Kilatini, ambalo maana yake inatoka kwa chawa. Hakuna aliyethibitisha. Huenda mimea hii ilipenda malisho duni, na ng'ombe wa malisho duni ni ng'ombe dhaifu mwenye chawa; shahidi aliyekutwa mahali pa tukio akafanywa mshitakiwa.

Amerika ilikuwa na habari nyingine kabisa. Huron Smith wa makumbusho ya Milwaukee, aliyeandika katika miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930 kuhusu dawa za asili za Wamenominee, Wameskwaki na Waojibwe, alikuta mzizi wa pedikulari una kazi katika mambo ya mapenzi. Unakatwakatwa, unatiwa kwenye chakula, mlaji hana habari. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Hilo ni limbwata. Nilipolisoma nilicheka peke yangu, maana kama kuna mmea duniani uliostahili kazi ya kuingia kwa mwenzako kimyakimya na kumvuta upande wako, ni huu.

Ila kuna jambo ambalo mtengeneza limbwata angepaswa kulihofia. Pedikulari hainywi maji na chumvi peke yake. Frank Stermitz wa Colorado na wenzake walipochunguza jamaa zake wa milima ya magharibi, walikuta ndani yao alkaloidi, zile sumu chungu ambazo baadhi ya mimea hujitengenezea ili isiliwe, na sumu hizo hazikuwa zao. Zilitoka kwa majirani. Lynn Adler alikwenda mbele zaidi huko Texas, kwa mmea mwingine nusu-kimelea wa ukoo huo, Castilleja indivisa, akiuotesha kando ya lupini chungu zenye sumu hizo na lupini tamu. Mwaka 2000 alieleza kwamba ile iliyonywa kwa lupini chungu ililiwa kidogo na wadudu, ikatembelewa zaidi na wachavushaji, ikazaa mbegu nyingi. Inachukua maji ya mwenzake na silaha zake pia. Ndiyo maana waganga wa mitishamba wa leo huko Marekani huonyana wasichimbe pedikulari iliyoota karibu na mimea yenye sumu ya ini: mizizi miwili ya spishi ileile, mmoja ukichimbwa hatua 20 kutoka ulipo mwingine, yaweza kuwa dawa mbili tofauti.

Sasa ule uhamisho wa ukoo. Zamani pedikulari iliwekwa pamoja na mimea isiyonyonya mtu. Uchunguzi wa vinasaba ukaipeleka kwenye ukoo wa Orobanchaceae, ambao karibu wote ni wanyonyaji, nusu au kamili. Na humo ndimo alimo ndugu yake tunayemfahamu sisi vizuri zaidi ya tunavyotaka: kiduha.

Mkulima wa mahindi wa Morogoro anakijua kiduha kwa maua yake madogo mekundu, na wa ukingo wa Ziwa Viktoria, ambako Wajaluo hukiita kayongo, anakijua kwa maua ya zambarau mbichi yanayopendeza mno kwa kitu kinacholeta njaa. Nacho ni cha kijani. Nacho ni nusu-kimelea. Mmea mmoja hutoa mbegu kwa makumi ya maelfu, ndogo mithili ya vumbi, na mbegu hizo huweza kungoja udongoni zaidi ya miaka 10. Zinangoja harufu. Mizizi ya mahindi na mtama hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni, na mbegu ya kiduha ikizipata karibu nayo huamka, ikatoa mzizi, ikaifuata mizizi hiyo. Ya kwanza ya kemikali hizo ilitambuliwa mwaka 1966. Kwa nini mmea utoe harufu inayomwita adui yake haikueleweka mpaka mwaka 2005, Kohki Akiyama na wenzake wa Japani walipoonyesha kwamba mwaliko ule ulikuwa wa mtu mwingine. Mmea unawaita kuvu wema wa mizizini, wanaouletea fosforasi. Kiduha kinadukua mazungumzo. Na kwa kuwa mmea wenye njaa ya fosforasi huita kwa nguvu zaidi, shamba lililochoka, la mtu asiye na pesa ya mbolea, ndilo linalopiga kelele kuliko yote.

Mwaka 1956 kiduha kiligunduliwa katika mashamba ya mahindi ya North Carolina na South Carolina, na Marekani haikufanya mzaha. Kuliwekwa karantini. Mamia ya maelfu ya ekari yaliwindwa kwa miongo kadhaa. Silaha mojawapo ilikuwa gesi ya ethilini, iliyodungwa ardhini ili mbegu ziamke pasipo na mahindi, zitafute jirani, zimkose, zife. Kampeni ile ni miongoni mwa chache duniani ambamo gugu lilikaribia kabisa kumalizwa. Nchi zetu hazijawahi kuwa na bajeti ya kudunga gesi shamba hadi shamba.

Lakini tazama ramani. Katika majimbo yayo hayo mawili pedikulari ni mwenyeji. Inaota misituni, imekuwapo kabla ya mahindi ya biashara, inatoboa mizizi ya majirani zake kila majira ya machipuko, na hakuna ofisi ya serikali iliyowahi kuitumia sindano. Ndugu wawili wa ukoo mmoja, wenye mrija wa namna moja, kwenye udongo wa jimbo moja.

Tabia zao hazifanani kwa kila kitu, nisidanganye. Kiduha ni cha msimu mmoja. Kikishatoa mbegu kimemaliza, na mahindi yakifa nyuma yake hakina hasara. Tena mbegu yake ikishaamka haina akiba ya kuishi hata wiki chache bila mwenyeji. Pedikulari ni ya miaka. Itarudi mwakani kwenye kisima kilekile, na kisima kikikauka itaona kiu pamoja na wengine. Hilo ni tofauti kubwa. Hata hivyo kiduha hakikuzaliwa shambani. Kwa karne nyingi kilikuwa kijimea cha nyika za Afrika, kikinyonya nyasi za porini hapa na pale. Kilichokigeuza kuwa balaa ni sisi kukipangia mistari na mistari ya mwenyeji mmoja, msimu baada ya msimu, kwenye udongo unaozidi kuchoka, na kung'oa kila kitu kingine kilichokuwa katikati. Tulimwondolea mahindi majirani wote, kisha tukashangaa kwamba bili yote inamwangukia yeye.

Tiba iliyopatikana Mbita, kwenye kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, kando ya Ziwa Viktoria, inasema jambo hilohilo kwa njia ya matendo. Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na John Pickett wa Rothamsted huko Uingereza, walikuwa wakishughulikia bungua wa mahindi katika miaka ya 1990. Walipanda desmodiamu katikati ya mistari ili harufu yake iwafukuze wadudu, na nyasi za tembo pembeni ili ziwavute. Wakaona jambo wasilolitarajia: penye desmodiamu, kiduha kinapungua mno. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kiduha na nyingine zinazozizuia kujinasa kwenye mahindi. Asili ya mmea huo ni Amerika, jamii ya kunde, kwa hiyo unaongeza na nitrojeni. Wakulima wa magharibi mwa Kenya walioupokea wameona mahindi yakirudi, na ng'ombe wanaufurahia.

Ng'ombe ndio wanaoufurahia, na hapo ndipo mambo yanapokwama. Mkulima wa nusu ekari anaambiwa ampe mahindi jirani, na yeye siku zote alijua jirani wa mahindi ni maharage. Maharage yanaingia sufuriani mwezi wa tatu tangu kupandwa. Desmodiamu haipikwi. Mbegu yake ni ya kununua na si rahisi, msimu wa kwanza inataka palizi ya mikono yenye uangalifu maana miche yake hufanana na magugu, na faida yake kamili huja kwa aliye na mfugo wa kulisha au soko la majani. Mwenye ng'ombe wawili wa maziwa atapiga hesabu na kupanda. Asiye na ng'ombe atasikiliza semina mpaka mwisho, atashukuru, na Mei ikifika ataingia shambani kung'oa kiduha kwa mkono, shina moja moja, wiki kadhaa baada ya kiduha kumaliza kunywa.